Somo: Kuijua jamii kabla ya kuketi na mteja, kwa tunaosoma unasihi mtandaoni

Sisi tunaosoma kwa mtandao tunafanya mazoezi ya kumsikiliza mteja ambaye ni mwanafunzi mwenzetu. Siku ukikutana na mama wa jamii usiyoijua, kila anachosema unakipima kwa mizani ya kwenu. Mwaka 1992 wataalamu wa unasihi wa Marekani, Sue, Arredondo na McDavis, waliandika kwamba mnasihi anahitaji kuyatambua mazoea yake mwenyewe, kuelewa mteja anavyoiona dunia, na kuwa na mbinu zinazomfaa mteja huyo. Hilo la kwanza, kwa maoni yangu, hulipati mpaka utoke nyumbani.

Hatua ya 1. Andika ulivyolelewa. Kwenu mwanamume hulia mbele za watu? Nani huamua mgonjwa apelekwe wapi? Ukurasa mmoja unatosha.

Hatua ya 2. Chagua jamii moja, utafute mwenyeji: balozi wa mtaa, shehe, katekista, hata mama lishe. Mwambie ukweli kwamba umekuja kujifunza, hukuja kutibu mtu.

Hatua ya 3. Shika kazi. Msibani chambua mchele, osha masufuria. Mimi ni Mchaga, na nilikaribishwa kwenye msiba wa Wangoni huko Songea. Wakaja watani wao, Wahehe. Makabila haya yalipigana vikali karne ya 19, leo wanataniana. Mtani mmoja alivaa koti la marehemu, akaiga kikohozi chake na mwendo wake. Makaburini akaingia shimoni, akasema hatoki mpaka apewe hela. Nilikasirika sana. Kwenye daftari niliandika neno moja: ukatili. Lakini mjane alicheka, kisha akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu asubuhi. Angenisimulia kisa kile kwenye simu, ningempa pole kwa jambo lililomsaidia.

Hatua ya 4. Andika usiku uleule: umeona nini, umehisi nini, nani anaweza kukueleza. Kisha rudi ukaulize. Mzee mmoja alinieleza kwamba mtani hubeba kazi ambazo mfiwa hana nguvu nazo siku hiyo, kuanzia kuchimba kaburi hadi kukemea wanaozozana. Neno langu la daftarini sikulifuta. Nililisoma darasani mbele ya wenzangu, na mazungumzo yaliyofuata yalinifundisha kuliko mtihani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naajiriwa, sina wiki nzima ya kukaa kijijini.*
Nenda kila Jumamosi kwa muda wa saa mbili tu, ila mahali palepale, kwa miezi mitatu. Watu huanza kukuambia mambo wakishazoea sura yako.

*Naweza kurekodi kwa simu ili niwaoneshe wenzangu?*
Hapana, ndugu yangu. Msiba wa watu si kielelezo cha darasani. Andika ulichojifunza wewe, majina yao yaache.

*Mimi ni Mkristo, mwanamume. Mjane Mwislamu niliyepangiwa yuko eda, kile kipindi cha kutulia baada ya kufiwa na mume. Nimfuate nyumbani?*
Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, na akiwa mjamzito ni mpaka ajifungue. Usiende kwa kujipangia. Muulize mwenyewe, kupitia mama au dada yake, kama angependa kuongea kwa simu au apewe mnasihi mwanamke. Akisema asubiri mpaka atoke eda, msubiri, na umjulishe msimamizi wako leo.