Namna ya Kuifuata Timu Yako Ugenini: Mwongozo kwa Shabiki Anayetoka Tanzania

Shabiki wa Simba au Yanga anayetaka kuifuata timu yake nje ya nchi katika mashindano ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika, hushawishika kukata tiketi ya safari mara tu droo inapotoka, kwa kuwa nauli bado ni nafuu na hamasa iko juu. Ajizuie kwanza. Droo humwambia timu yake itacheza na nani, haimwambii itacheza wapi. CAF hukagua viwanja kabla ya msimu, na klabu ambayo uwanja wake haukuidhinishwa hulazimika kutafuta mwingine, pengine nje kabisa ya nchi yake. Januari 2025 Yanga ilipokwenda kukipiga na Al Hilal ya Omdurman, mechi ilichezwa Nouakchott, Mauritania, kwa sababu vita vya Sudan vilikuwa vimeiondoa klabu hiyo nyumbani. Aprili ya mwaka huohuo Simba ilicheza marudiano ya nusu fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Stellenbosch, klabu ya huko karibu na Cape Town, lakini mchezo ukapigwa kwenye uwanja wa Moses Mabhida mjini Durban, upande mwingine kabisa wa Afrika Kusini. Mtu aliyekata tiketi ya ndege kwa kusoma jina la klabu tu angeshuka akiwa bado na zaidi ya kilomita elfu moja mbele yake.

Kwa hiyo safari ya ugenini hupangwa kuanzia uwanjani na kurudi nyuma hadi mlangoni kwako. Kabla ya kutoa fedha yoyote, subiri mambo matatu yathibitishwe na klabu yako au na CAF: uwanja, saa ya kuanza mchezo, na kama mashabiki wataruhusiwa kuingia. Hili la tatu wengi hawalifikirii kabisa. Januari 2025 CAF iliiamuru Simba icheze na CS Constantine kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa bila mashabiki, kutokana na vurugu za mechi ya Desemba dhidi ya CS Sfaxien, na adhabu ya aina hiyo inaweza kumwangukia mwenyeji wako pia. Kuhusu saa, kumbuka kwamba Zambia, Rwanda, Malawi, mji wa Lubumbashi nchini Kongo na Afrika Kusini ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mechi ya saa 9 alasiri mjini Ndola, Zambia, ni mechi ya saa 10 jioni kwa saa za Dar es Salaam, na tangazo la CAF linaweza kutumia saa za GMT, ambazo ziko nyuma zaidi. Soma tangazo mara mbili, kisha uiweke simu yako ifuate saa za mahali ulipo.

Kwa safari ya kwanza, ninashauri uchague mechi inayofikika kwa barabara. Tarehe 16 Septemba 2023 timu zote mbili kubwa zilikuwa ugenini siku moja, Simba ikiwa Ndola kucheza na Power Dynamos na Yanga ikiwa Kigali kucheza na Al-Merrikh, klabu nyingine ya Sudan iliyokuwa ikitumia uwanja wa nchi nyingine. Mechi zote mbili zingeweza kufuatwa kwa basi, bila viza. Algeria, Morocco na Misri ni habari nyingine: zinadai viza, nauli ya ndege ni kubwa, na muda kati ya kuthibitishwa kwa mchezo na siku yenyewe mara nyingi hautoshi kushughulikia maombi. Kwa safari hizo, kusafiri na msafara ulioandaliwa na klabu ndiyo njia pekee ninayoweza kuipendekeza kwa mtu wa kawaida.

Hati ni lazima ziwe tayari kabla ya msimu, si kabla ya mechi. Pasipoti ya Tanzania ada yake ni shilingi 150,000, na nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha muda wake. Zambia na Afrika Kusini zinamruhusu Mtanzania kuingia kwa matembezi bila viza. Usitegemee kitambulisho cha NIDA mpakani. Kwa nchi jirani ipo pia hati ya dharura ya safari, ambayo hutolewa haraka kuliko pasipoti, lakini waulize Uhamiaji kama inapokelewa kule unakokwenda. Pata pia chanjo ya homa ya manjano mapema, kwa kuwa kadi yake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa na baada ya hapo hudumu maisha yote. Anayekwenda Lubumbashi kuangalia mechi na TP Mazembe asijaribu kabisa kwenda bila kadi hiyo. Afarijike tu kwamba akishafika atasikia Kiswahili mtaani, ingawa si kile alichokizoea Kariakoo.

Tuchukue safari ya Ndola kama mfano, kwa sababu ina karibu kila jambo linaloweza kumpata shabiki njiani. Kutoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, yaani siku nzima na sehemu ya usiku. Mpaka wa Tunduma na Nakonde una kituo cha huduma za pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili wanakaa mahali pamoja, lakini foleni ya malori ni ndefu na siku ya msafara wa mashabiki foleni ya watu nayo hurefuka. Ukishavuka unabaki na takribani kilomita 800 kupitia Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje na Mkushi hadi Kapiri Mposhi. Hapo ndipo njia hugawanyika: mabasi ya Lusaka huendelea kusini, nawe unapaswa kugeukia kaskazini kwa kilomita nyingine zaidi ya 100. Basi nyingi zinazotoka Dar es Salaam huenda Lusaka, kwa hiyo mwambie konda mapema kwamba utashuka Kapiri, la sivyo utaamka ukiwa umeipita njia panda.

Jambo linalowaharibia wengi hesabu ni kwamba tangu 2016 Zambia ilipiga marufuku mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Basi litasimama na mtalala humo ndani, mpende msipende. Kwa mechi ya Jumamosi alasiri, basi, ondoka Dar es Salaam Jumatano asubuhi, uvuke mpaka Alhamisi, ufike Ndola Ijumaa na ulale kitandani usiku mmoja kabla ya mchezo. Anayeondoka Alhamisi anaweza kufika. Anaweza pia kuusikiliza mchezo redioni akiwa Serenje. Treni ya TAZARA, yenye reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ni safari nzuri sana kwa mtu asiye na haraka, na mwenye mechi ana haraka.

Fedha zigawanye sehemu mbili au tatu za mwilini na mizigoni. Badilisha kiasi cha kukutosha siku ya kwanza tu mpakani, ukiwa umekwisha kuangalia kiwango cha siku hiyo kwenye simu, na ufanye hivyo dukani, si kwa vijana wanaokimbilia mlango wa basi na mabunda mkononi, kwa kuwa uhodari wao ni katika kuhesabu. Kama una kadi ya benki ya kimataifa, iarifu benki yako kwamba unasafiri. Tenga nauli ya kurudi peke yake, usiiguse hata timu ikishinda.

Tiketi ya mchezo iulizie kwenye tawi lako la mashabiki kabla ya kuondoka. Klabu mgeni hupangiwa eneo lake uwanjani, na viongozi wa matawi ndio wanaojua mgao huo umefikaje na unauzwa na nani. Kukaa kwenye jukwaa la wageni si suala la kuimba pamoja tu. Ni suala la ulinzi, hasa wakati wa kutoka. Fikiria pia rangi utakayovaa. Power Dynamos huvaa njano, na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini vilevile, hivyo shabiki wa Yanga aliyevaa jezi ya njano kwenye uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria anaweza kuelekezwa na walinzi kwenye jukwaa la wenyeji kwa nia njema kabisa. Ni bora avae kijani. Shabiki wa Simba anayekwenda kwa klabu ya Nkana mjini Kitwe, Zambia, anakutana na tatizo hilohilo katika rangi nyekundu. Ukiwa mjini kabla ya mchezo, funika jezi kwa shati au koti, na mjini Johannesburg au Pretoria tumia teksi ya kuagiza kwa simu badala ya kutembea kwa miguu usiku.

Acha nyumbani fataki, chupa na kitu chochote cha kuwasha moto. Faini za CAF huilenga klabu, na Simba ilitozwa baada ya moto kuwashwa uwanjani Orlando, Soweto, Aprili 2022. Imani zetu za kishirikina kwenye mpira zina raha yake, lakini kamera za kisasa zinaona kila kitu.

Mwisho ni kurudi, sehemu ambayo wengi huipanga wakiwa wamechoka. Usikate basi wala ndege ya saa chache baada ya filimbi ya mwisho. Katika hatua ya mtoano matokeo ya jumla yakiwa sare, hata kwa mabao ya ugenini, hupigwa penalti moja kwa moja, kama ilivyokuwa Pretoria tarehe 5 Aprili 2024, Yanga ilipotolewa na Sundowns kwa penalti 3 kwa 2 baada ya suluhu mbili, na baada ya hapo polisi huweza kuwazuia wageni jukwaani mpaka wenyeji watawanyike. Lala mji uleule, uondoke asubuhi. Mpakani usiruhusu mtu mwingine akupelekee pasipoti dirishani, hata kama ni kiongozi wa msafara, na kabla ya kuondoka pale hakikisha umegongwa mhuri wa kutoka upande mmoja na wa kuingia upande wa pili. Pasipoti isiyo na mhuri wa kutoka itakuletea maswali siku utakayotaka kuifuata timu tena katika nchi ileile.