Jinsi madaktari wanavyotambua ugonjwa wa Paget wa mifupa

Ugonjwa wa Paget, ambao mifupa hujengwa upya ovyo ikawa minene lakini dhaifu, ulioelezwa na daktari Mwingereza James Paget mwaka 1877, mara nyingi hugunduliwa kwa bahati, mtu anapopigwa eksirei kwa sababu nyingine. Daktari huanza kwa kuuliza kuhusu maumivu na uziwi, kisha hukagua kama miguu imepinda. Damu hupimwa kimeng'enya cha fosfatasi alkali, kinachotoka hasa kwenye ini na mifupa. Kikiwa juu ilhali ini ni zima, shaka huelekezwa kwenye mifupa, ingawa kinaweza kubaki cha kawaida iwapo ugonjwa umeshika mfupa mmoja tu. Kwa hiyo eksirei ndiyo yenye uzito zaidi, kwani huonyesha mfupa ulionenepa na kuvurugika mpangilio, na skani ya mifupa hubainisha ugonjwa ulikoenea. Kipande cha mfupa huchukuliwa mara chache, hasa saratani inaposhukiwa.