Jinsi ya kuisoma namba ya ukosefu wa ajira bila kupigwa changa la macho

Ukiskia ukosefu wa ajira umeshuka usikimbilie kufurahi, kwanza uliza kahesabiwa nani. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani (ILO), asiye na ajira si kila aliekaa nyumbani. Lazima awe hana kazi, yuko tayari kuanza akiipata, na awe ameitafuta, kawaida ndani ya wiki 4 zilizopita. Mwanafunzi asietafuta kazi, mstaafu, mama anaelea watoto, hao hawamo kabisa. Alafu kuna hii inayoniudhi, mtu akipiga kibarua cha malipo saa 1 tu kwenye wiki ya hesabu anaandikwa ana ajira. Saa moja jamani!

Sasa chukua kalamu. Jumlisha wenye kazi na wanaotafuta, hiyo ndo nguvu kazi, alafu gawanya wanaotafuta kwa hiyo nguvu kazi, zidisha mara 100. Tuseme wenye kazi 90, wanaotafuta 10, inakuja 10%. Baada ya miezi kadhaa watu 5 kati ya wale 10 wamechoka kuzunguka na bahasha za vyeti, wamekaa zao. Nguvu kazi imebaki 95, wanaotafuta 5, piga uone: kama 5.3%. Namba imeshuka karibu nusu na hakuna hata mmoja aliepata kazi! Ndo maana ukiona asilimia tafuta na kiwango cha ushiriki, yani katika watu wa umri wa kazi ni wangapi wamo kwenye nguvu kazi. Zikishuka zote mbili kwa pamoja, shtuka.

Ukitoka hapo angalia chanzo, maana dawa hazifanani. Alieacha kazi hii anasubiri nyingine, au wa msimu, huyo hasumbui sana. Uchumi ukidorora waajiri wanapunguza watu, hapo kushusha riba au serikali kuongeza matumizi kunaweza kusaidia. Ila mpiga taipu aliepitwa na kompyuta, riba hata ukishusha mpaka sifuri haimfundishi kazi mpya.

Madhara yake yanatembea kwa mnyororo. Mtu kakosa mshahara, anapunguza manunuzi, muuza duka nae anaagiza mzigo mdogo, kiwanda kinaona oda zimepungua kinapunguza watu, na hao nao wanaacha kununua, huku serikali kodi inashuka wakati wanaohitaji msaada wanaongezeka. Marekani mwaka 1933 ilifika karibu 25%, mtu 1 kati ya 4! Mchumi Arthur Okun mwaka 1962 alipiga hesabu za nchi hiyo hiyo akaona ukosefu wa ajira ukipanda kwa pointi 1, uzalishaji unashuka kama 3% chini ya uwezo wa nchi, siku hizi wengi wanakadiria kama 2. Hiyo ni mali ambayo haikutengenezwa kabisa, huwezi kurudi nyuma kuidai.

Kingine watu wanakisahau, muda. Alietafuta kazi miezi 2 na alietafuta miaka 2 kwenye asilimia wanahesabika sawa, ila wa pili ujuzi umeanza kushika kutu na mwajiri akiona lile pengo kwenye sivii anamruka, kwahiyo hata uchumi ukiamka yeye anaweza kubaki pale pale. Kwenye ripoti tafuta jedwali la waliokaa miezi 12 na zaidi, mara nyingi limefichwa kurasa za nyuma huko, lisome kabla hujabishana na mtu.