Kumtambua mnyoo mpya wa bahari

Maji yakipwa kwenye hori la Tudor, Mombasa, chimbua tope la mikokoni polepole. Mnyoo wa singa (mnyoo wa bahari mwenye pingili zenye vijiguu na nywele ngumu) akikatika, hesabu ya pingili imepotea. Usimtie spiriti akiwa hai, atajikunja na kukatika. Mlegeze kwa magnesiamu kloraidi ya 7% iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya bahari, mpaka ukimgusa asishtuke. Miguu michache ya upande mmoja itie spiriti (ethanoli) ya 95% kwa ajili ya DNA. Mwili, uhifadhi kwa fomalini ya 10% (yaani fomaldihaidi ya 4%) siku moja, kisha ethanoli ya 70%.

Wengi hukosea hapa: mguu wa 10 na wa 60 wa mnyoo yuleyule huweza kuonekana kama wa spishi mbili! Linganisha pingili ya namba ileile, kwa minyoo wa ukubwa mmoja.