Kupima utendaji wa tezi za mate kwa kamera ya gama: dakika ya limau

Juzi nilimwelekeza mwenzangu mgeni wa kazi tulipokuwa tukimpima mama mwenye dalili za ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili huzishambulia tezi za mate na machozi. Kamera ya gama huona mionzi ya dawa iliyochomwa mwilini, hivyo huonyesha tezi ikiinyonya na kuitoa pamoja na mate. Nimeandika hatua tulizofuata.

1. Tangulia na ultrasaundi. Haina mionzi, na tezi iliyojaa madoa meusi inaonekana upesi. Inaonyesha umbo tu. Kujua kama tezi bado inatoa mate, endelea.

2. Uliza dawa anazotumia. Za mzio na amitriptilini hukausha mate. Usimpe perkloreti, kwani huzuia tezi kunyonya teknesiamu, ile dawa yenye mionzi. Uliza pia kuhusu ujauzito na kunyonyesha.

3. Mlaze chali, mchome teknesiamu-99m mshipani, rekodi papo hapo.

4. Limau, la kuchochea mate yatoke. Hapa niliwahi kupoteza mchana mzima. Grafu za kiasi cha teknesiamu katika tezi zote nne (mbili za mbele ya masikio, mbili za chini ya taya) zilianguka sekunde ileile, nikadhani mate yametoka vizuri ajabu. Kumbe mgonjwa aliinua kidevu ili anywe, tezi zikatoka ndani ya maduara niliyozichorea kwenye picha ili kuhesabu mionzi yake! Tangu hapo kichwa nakifunga kwa mkanda laini, na juisi natia mdomoni polepole kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mrija mwembamba. Kikombe sikitumii kabisa. Mazoezi ya kumeza bila kusogeza shingo tunayafanya kabla ya kumchoma. Kagua midomo na ulimi kwanza: mdomo mkavu huwa na vidonda, na limau huunguza, basi mwonye, na ukiona vidonda vingi punguza juisi. Baada ya limau mate yenye teknesiamu hujaa mdomoni, karibu kabisa na tezi za chini ya taya, kwa hiyo maduara yachore kwenye picha za kabla ya limau, kisha pitia picha moja moja uone kama yamebaki mahali pake. Tezi zikisogea, rekebisha kabla ya kuhesabu chochote.

5. Soma grafu. Grafu ya tezi yenye afya hupanda, kisha hushuka ghafla kwa limau. Ya tezi iliyoathirika hupanda kidogo na kushuka kidogo, au tezi hainyonyi kabisa. Ila shingo iliyowahi kutibiwa kwa mionzi huleta sura hiyohiyo. Vigezo vya uainishaji wa ugonjwa wa Sjögren vya 2002 vilikihesabu kipimo hiki. Vya 2016 vimekiacha, vikabaki na mambo kama kingamwili za SSA (zinazopimwa kwenye damu), biopsi ya mdomo (kipande kidogo kinachokatwa ili kichunguzwe) na mate yasiyozidi mililita 0.1 kwa dakika bila kuchochewa. Kwa hiyo kwenye ripoti naandika kiwango cha utendaji wa kila tezi, na jina la ugonjwa namwachia daktari anayemtibu.