Jinsi ya kuweka skeli kwenye AutoCAD kabla hujapeleka ramani kuombea kibali cha ujenzi

Mwezi uliopita nilipeleka ramani ya nyumba ya dada yangu halmashauri kuomba kibali, fomu zimejazwa, karatasi za kiwanja zipo, mihuri ipo, na bado nikarudishwa. Afisa alichukua ile rula ya skeli ya pembetatu akaiweka juu ya chumba nilichoandika mita 4, ikasoma 3.8. Na chini ya karatasi nimeandika 1:100, yaani sentimita 1 ya karatasi ni mita 1 ya nyumba. Akasema vipimo na mchoro havikubaliani, nenda karekebishe. Alikuwa sahihi kabisa, maana fundi akipima juu ya karatasi ile anajenga chumba kingine. Nikachapa upya seti nne, nikapanga foleni upya, wiki mbili zimeondoka na mafundi wa dada wanasubiri.

Ya fomu nayaruka, mnayajua. Tuongelee skeli.

Kwanza kabisa, ukifungua AutoCAD (programu ya kuchorea ramani) ukiwa kwenye Model, ile sehemu ya kuchorea, chora kila kitu kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa mita 4 andika 4000, kama unatumia milimita. Usigawanye kwa 100 kichwani, wanaoanza wengi wanafanya hivyo afu wanapotea moja kwa moja. Fungua faili jipya kwa templeti ya acadiso.dwt, hiyo ndo ya milimita, ile ya acad.dwt ni ya inchi. Andika UNITS uhakikishe pameandikwa Millimeters. Kama ulishachora kwa mita (ukuta ni 4 badala ya 4000) usianze upya, andika SC (amri ya kukuza au kupunguza mchoro), chagua mchoro wote, shika pointi 0,0 afu weka 1000. Ukimaliza pima ukuta mmoja kwa amri ya DI, ikitoka 4000 songa mbele.

Sasa nenda kwenye Layout, ile tabo ya chini yenye karatasi ya kuchapa. Bonyeza kulia, Page Setup Manager, Modify. Printa chagua DWG To PDF.pc3 (hii inakutolea faili la PDF), karatasi ISO full bleed A3 ya 420 kwa 297, na pale pa What to plot weka Layout, skeli 1:1. Usishangae kuona 1:1, hapo karatasi inajichapa yenyewe kwa ukubwa wake, ile 1:100 inakaa ndani ya dirisha tunalotengeneza sasa hivi. Uzuri wa kuchagua Layout ni kwamba kile kiboksi cha Fit to paper kinazimika chenyewe. Ukichapa kutoka Model mara nyingi unakikuta kimeshawekwa tiki, na hapo programu inaubana au kuutanua mchoro ili ujae tu kwenye karatasi, skeli inayotoka haina jina.

Andika MV, vuta dirisha kwenye karatasi, mchoro utatokea ndani. Bonyeza mpaka wa dirisha, angalia chini kulia kuna orodha ya skeli, chagua 1:100. Nyumba ya mita 12 kwa 9 kwenye 1:100 inakuwa sentimita 12 kwa 9, A3 inaimeza bila shida, hata 1:50 inaingia. Kama umeamua kubaki na mita, 1:100 ya kwenye orodha itakupa mchoro kama chembe ya mchanga, chagua 10:1, maana milimita 10 za karatasi ndo mita moja.

Hapohapo funga kufuli, lipo jirani na hiyo orodha. Tafadhali usiliruke. Ukibonyeza mara mbili ndani ya dirisha ambalo halijafungwa afu ukagusa gurudumu la mausi kidogo tu, skeli imeshahama, na kwa macho huoni tofauti.

Maandishi nayo yana hesabu yake. Ukitaka herufi za milimita 2.5 kwenye karatasi na unaandikia Model kwa 1:100, weka urefu 250. Kwa 1:50 weka 125. Mi nilisahau hili kwenye mchoro wangu wa kwanza kabisa, majina ya vyumba yakatoka kama vumbi.

Sasa hapa ndo palinipotezea zile wiki mbili. Faili langu la PDF lilikuwa sawa kabisa. Nikaliweka kwenye flash nikaenda stationery, kijana akafungua, akabonyeza print, na kwenye ule ukurasa wa kuchapa palikuwa na Fit. Printa ikapunguza mchoro wote uingie ndani ya pambizo zake, ukabaki asilimia 95. Sikupima, nikalipa nikaondoka. Kwa hiyo ukifika simama karibu na skrini, mwambie aweke Actual size, achape nakala moja kwanza. Nenda na rula yako ya kawaida ya shule, ukuta wa mita 4 kwenye 1:100 lazima usome sentimita 4 kamili. Ukisoma pungufu usikubali aendelee na nyingine hata akikwambia zote zinafanana.

Chora pia mstari wa skeli kwenye ramani yenyewe, ule wenye mita 0, 1, 2 mpaka 5, uuchore Model pamoja na nyumba. Mtu akitoa kopi ya A3 yako kwenye A4, ile 1:100 inakuwa kama 1:141 wakati maandishi bado yanasema 1:100, lakini mstari unapungua pamoja na mchoro kwa hiyo bado unapimika.

Na kabla ya kuchora chochote pita dirishani kwa watu wa ramani uulize kwenye halmashauri yako wanataka skeli gani kwa kila mchoro na karatasi ya saizi gani. Mi safari ya pili niliuliza, nikaambiwa ramani ya kiwanja niitoe 1:200 kwenye karatasi hiyohiyo, nikaongeza dirisha la pili kwa MV, nikaliwekea skeli yake na kufuli lake. Afisa alipima kuta tatu mbele yangu, akagonga muhuri wa kupokea.