Mkono upi? Kujifunza misimbo ya tiba ukiwa ughaibuni

Mwaka juzi nilikuwa likizo nyumbani Mikindani, na mkwezi mmoja akaanguka mnazini nyuma ya nyumba ya bibi. Habari ilifika barazani kwa maneno matatu tu: "Ameanguka, kavunjika mkono." Wote wakaelewa. Bajaji ikaitwa, mtu akapakiwa, safari ya hospitali ya Ligula ikaanza. Mimi nikabaki nauliza: mkono upi? Sehemu gani ya mkono?

Bibi akanikata jicho. "Mke mwenzangu, mtu analia, wewe unauliza mkono upi?"

Alikuwa na haki yake. Lakini nilikuwa na vitabu vitatu vizito ndani, nimevibeba kutoka Houston ili nisome likizo nzima, na swali lile ndilo kazi yenyewe niliyokuwa najifunza. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya ndugu wa Mtwara, Lindi na kwingineko mlioko nje, mnaoifikiria kazi hii kama nilivyoifikiria mimi baada ya miaka ya kuwageuza wazee vitandani mpaka kiuno kikakataa.

Kwanza kazi yenyewe. Mgonjwa akitibiwa, daktari anaandika maelezo. Mtu mwingine anayasoma na kuyageuza kuwa misimbo ya herufi na tarakimu: msimbo wa ugonjwa, msimbo wa alichofanyiwa. Bima hulipa kwa kuiangalia misimbo hiyo, na takwimu za magonjwa hutoka humo humo. Barazani niliwaambia nasomea "koding", wakasikia kodi. Kwa wiki nzima nikaitwa mtu wa TRA. Ndiyo maana nashikilia neno misimbo.

Kabla hujalipia kozi yoyote, jua uko nchi gani. Marekani wanatumia ICD-10-CM kwa magonjwa (ICD ni orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa), ICD-10-PCS kwa taratibu za wagonjwa waliolazwa, na CPT kwa huduma za madaktari na za wagonjwa wa nje. Uingereza wanatumia ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani pamoja na OPCS-4. Kanada wana ICD-10-CA na CCI. Australia wana ICD-10-AM. Shina ni moja, matawi mbalimbali. Namjua dada wa Nachingwea anayeishi Birmingham ya Uingereza aliyenunua kozi ya Kimarekani mtandaoni kwa sababu ilikuwa na punguzo. Alipata cheti, lakini hospitali za huko hazikuwa na matumizi nacho. Mimi nitazungumzia zaidi Marekani, maana ndiko ninakokula.

Sasa mkwezi wetu. Kiswahili cha kila siku kinasema "mkono" kuanzia begani hadi ncha za vidole. Humo ndani mna mifupa 30 ukiacha ya bega lenyewe: mmoja wa juu, miwili ya kigasha (kati ya kiwiko na kifundo), na 27 kuanzia kifundo cha mkono kwenda kwenye vidole. "Mguu" nao ni hivyo hivyo, kuanzia nyonga hadi ukucha. "Tumbo" ni lile la nje tunalofunga kanga na lile la ndani linalopokea ugali. "Mshipa" ndio balaa kabisa: unaweza kuwa mshipa wa damu, wa fahamu, msuli, na kwa wazee wa pwani yetu mshipa ni ngiri au busha. Kwenye kitabu, ngiri ya kinena iko K40, busha liko N43, na matende yanayoletwa na minyoo ya filaria yako B74. Neno moja la barazani, sura tatu tofauti za kitabu.

Kwa hiyo msidanganyike kwamba ugumu ni Kilatini na Kigiriki. Kinachotushinda mwanzoni ni kuacha neno pana linalotutosha nyumbani na kuzoea kudai neno finyu.

Na hapa bibi alinishangaza. Jioni ile nilimwonyesha mchoro wa mifupa, nikidhani namfundisha. Akaweka kidole: huu wa kati ya shingo na bega mtulinga, huu wa mbele ya mguu chini ya goti muundi, hiki kigasha, hili shavu la mguu sisi tuliita kigimbi. Akaenda ndani ya mwili: ini, bandama, kongosho, umio. Mimi niliyemaliza sekondari sikuwa na hakika kongosho liko wapi. Tangu hapo nikabadili namna ya kusoma. Kabla ya kukariri jina la kigeni la kiungo, nilitafuta kwanza jina lake finyu la Kiswahili, nikaligusa mwilini mwangu, ndipo nikalitundika la kigeni juu yake. Ukikariri "klavikali" bila kujua mtulinga, umekariri sauti tu. Mpigie simu mzee wako, muulize. Atafurahi, na wewe utapata kamusi isiyo na ada.

Maneno ya kitabibu yameundwa kwa vipande, na mtu wa Kiswahili ana bahati hapo kuliko wengi anaokaa nao darasani. Sisi tangu utotoni tunafumua "asingalipigwa" bila kufikiri: kiambishi, kiambishi, mzizi, kiambishi. Basi fanya vivyo hivyo. Hepati ni ini, nefro ni figo, gastro ni tumbo la ndani, kadio ni moyo, osteo ni mfupa. Mwisho wa neno unakwambia kilichotokea: "itisi" ni uvimbe wa kuwaka, "megali" ni kuwa kubwa kupita kawaida, "aljia" ni maumivu. Hepatomegali ni ini lililokua. Nefrektomi ni kulitoa figo.

Chungeni hasa ndugu watatu hawa: otomi, ostomi, ektomi. Wa kwanza ni kupasua, wa pili ni kufungua tundu liwe njia, wa tatu ni kukata na kuondoa. Tofauti ni herufi moja au mbili, kama kwetu pasua, pasuka na pasulia. Usipomvumilia mgeni anayechanganya "nimepasua" na "nimepasuka", usijivumilie mwenyewe ukichanganya hivi. Kuna na jozi ya kutisha: ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ilium ni mfupa wa nyonga. Mimi nilizitenganisha kwa kukumbuka kwamba e ni ya kwenye neno enteron, ambalo kwa Kigiriki ni utumbo.

Mielekeo nayo ilinisumbua mpaka nilipokwenda kwa fundi mmoja anayechonga mpingo pale Mtwara mjini. Nilimpa chaki, nikamwomba atie alama bega la kulia la sanamu lililosimama mbele yetu. Alitia kwenye bega lililokuwa upande wangu wa kushoto. Nikambishia. Akasema, "Sanamu ndilo lenye bega, si wewe." Kitabu cha anatomia kinasema hayo hayo kwa maneno mengi zaidi: kulia ni kwa mgonjwa. Na mgonjwa wa kitabuni daima amesimama wima, uso mbele, viganja vimeelekea mbele, dole gumba nje. Simama hivyo mwenyewe sasa hivi. Mfupa wa kigasha ulio upande wa dole gumba ni radiasi, ulio upande wa kidole cha mwisho ni alna. Ukigeuza kiganja mifupa inapishana, ndiyo maana wamekubaliana pozi moja.

Proksimali na distali niliziweka kwenye mto Ruvuma. Unaanzia milima ya karibu na Songea, unamwaga maji baharini karibu na Msimbati. Kiwiliwili ndicho Songea. Kilicho karibu na kiwiliwili ni proksimali, kilicho mbali ni distali. Kwa hiyo radiasi distali ni ncha iliyo karibu na kiganja.

Huko ndiko alikovunjika mkwezi, upande wa kulia, ngozi haikupasuka. Kwa ICD-10-CM, daktari asipotaja aina ya mvunjiko, ingekuwa S52.501A. Ifumue: S ni sura ya majeraha, S52 ni mvunjiko wa kigasha, 5 baada ya nukta ni ncha ya chini ya radiasi, 0 ni kwamba aina haikutajwa, 1 ya mwisho ni kulia (ingekuwa kushoto ni 2), na A ni kwamba bado yumo kwenye matibabu yenyewe na mvunjiko ni wa ndani kwa ndani. Sababu yake ina msimbo wake: W14.XXXA, kuanguka kutoka mtini. Zile X si kosa la mchapaji. Msimbo unataka herufi ya saba, na nafasi za katikati hazina cha kuwekwa, basi zinajazwa. Nilimsomea bibi kwamba Wamarekani wana msimbo wa kuanguka mtini. Akauliza kama wana minazi.

Na hospitali ingedai vipi? Hapo inaingia CPT. Daktari akifunga tu bila kuuvuta mfupa, ni 25600. Akiuvuta kuurudisha mahali pake, ni 25605, na malipo yanapanda. Kama daktari aliuvuta lakini hakuandika, kwako wewe hakuuvuta. Hilo ni gumu kwetu, kwa sababu tumelelewa kujazia maneno ya mkubwa pale alipoacha. Kwenye kazi hii hujazii. Unamwandikia kumuuliza.

Mfano wa kwetu zaidi: mtu amebabuliwa na mafuta ya ganda la korosho. Tunasema "ameungua." Msimbo unaweza kwenda kwenye sura ya ngozi, L, kama daktari ameandika uvimbe wa ngozi kwa kugusa kitu, au kwenye T, kama ameandika kuunguzwa na kemikali. Wewe uliyekulia kwenye mikorosho ya Tandahimba unajua kilichompata kuliko daktari huyo. Haisaidii. Unafuata alichoandika.

Homa pia. Kwetu "ana homa" karibu ni sawa na "ana malaria." Mgonjwa wa nje Marekani akiandikiwa "inashukiwa malaria", huruhusiwi kuweka B54. Unaweka dalili, R50.9, homa isiyotajwa chanzo. Lakini aliyelazwa, akiruhusiwa kutoka na daktari bado ameandika "huenda ni malaria", anawekewa malaria kama vile imethibitika. Kanuni mbili zinazopingana, na mtihani unapenda kukutega hapo.

Kuhusu kutafuta msimbo: anza kwenye faharasa ya alfabeti, kisha lazima uende kwenye orodha kamili ukasome maelekezo yaliyo chini ya kila kundi, hasa yale yanayosema nini kisichoruhusiwa kuwekwa pamoja na nini. Anayeishia kwenye faharasa ni kama aliyeuliza njia ya Newala akaambiwa "panda mlima", akaondoka kabla ya kuambiwa mlima upi.

Vitabu ni ghali, na hubadilika. ICD-10-CM hupata mabadiliko yake makubwa kila tarehe 1 Oktoba, CPT kila Januari. Cha mwaka uliopita ni kizuri kabisa kujifunzia na hupatikana kwa bei ya kutupa, ila usinunue cha zamani kwa ajili ya mtihani. ICD-10-CM yote inapatikana bure kwenye tovuti za serikali ya Marekani. CPT ni mali ya chama cha madaktari wa Marekani, hiyo utalipia tu.

Vyeti vinavyotajwa sana kwenye matangazo ya kazi ni CPC cha AAPC, na CCA au CCS vya AHIMA, mashirika mawili ya Kimarekani yanayotoa vyeti vya kazi hii. CPC ni maswali 100 kwa saa 4, unaingia na vitabu vyako, na unahitaji asilimia 70. Msifurahie sana hilo la vitabu. Saa 4 kwa maswali 100 ni chini ya dakika mbili na nusu kila swali, na asiyejua mtulinga ni kiungo gani ataumaliza muda akifunua kurasa.

Ukifaulu bila uzoefu, cheti kinakuja na herufi A mwishoni, yaani mwanagenzi. Waajiri wengi wanaiona hiyo A wanageuza uso. Kwa hiyo kazi ya kwanza mara nyingi haitakuwa misimbo: itakuwa mapokezi ya kliniki, kufuatilia madai ya bima, kuingiza kumbukumbu. Ichukueni. Mimi nililipa pesa nzuri kwa kozi iliyoniahidi kazi ya misimbo ya kufanyia nyumbani ndani ya wiki sita, na nilichopata ni barua pepe za kunikumbusha kulipa sehemu ya pili.

Na wale mnaoniuliza kama mnaweza kupata kazi hiyo kisha mkarudi kukaa Shangani ya Mtwara kwa upepo wa bahari huku mnalipwa dola: waajiri wengi wa Marekani hawaruhusu kumbukumbu za wagonjwa zifunguliwe nje ya nchi, na usipowaambia, mtandao utawaambia. Likizo yangu ilikuwa ya kusoma tu, si ya kazi.

Kitabu changu cha kusomea bado ninacho. Pembeni mwa S42.0 nimeandika mtulinga kwa penseli, kwenye S82 muundi, D73 bandama, K85 kongosho. Kwenye W14 bibi alinitaka niandike mnazi, nikaandika.